Tangi dogo la maji ya bahari: anza na feni, hita iache dukani

Ukifuata video za YouTube kuhusu kufuga samaki wa baharini nyumbani, baada ya tangi lenyewe kitu cha kwanza utakachoambiwa ununue ni hita, kifaa cha kupasha maji joto. Wengi wanaotengeneza video hizo wako Ulaya na Marekani, ambako nyumba ni za baridi miezi kadhaa ya mwaka. Wewe uko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Pesa hiyo nunua feni ndogo ya kubana kwenye ukingo wa tangi. Walioko Arusha, Mbeya na Nairobi ndio wenye haja ya hita, hasa Juni hadi Agosti, na hao wasinisikilize katika hili.

Nimeanzia hapo kwa sababu matatizo mengi niliyoyaona kwenye matangi ya huku pwani, langu na ya wenzangu, yanatokana na mambo mawili ambayo video hizo huyapita haraka: joto na kukatika kwa umeme. Mengine yapo katika maelekezo ya kawaida na yanafuatika, mradi usiwe na haraka.

Kwanza ukubwa. Likiitwa tangi dogo, lisiwe dogo kupita kiasi. Vile vitangi vya lita 20 vya kuweka mezani vinapendeza, lakini maji machache hayana uvumilivu: chakula kikizidi kidogo yanachafuka, jua likipenya dirishani yanapata moto, na ukisahau kuongeza maji siku mbili chumvi inapanda. Mimi humshauri anayeanza achukue sentimita 60 kwa 40 kwa 40, ambazo ni lita 96 ukilijaza pomoni. Kama fundi wa vioo wa mtaani ndiye atakayekutengenezea, zungumza naye mambo mawili kabla hajakata kioo. Kioo kiwe cha milimita 8. Atakwambia 6 inatosha kwa kimo hicho, na hasemi uongo, ila sebule ni yako, si yake. La pili ni silikoni, gundi ya kuunganishia vioo. Ile ya bafuni huwekwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Mwambie unataka ya matangi ya samaki, na uisome chupa mwenyewe.

Maji ya tangi hilo peke yake ni karibu kilo 98. Weka mawe, weka uzito wa kioo, unavuka kilo 120 bila kujijua. Kabati la runinga halikuundwa kwa kazi hiyo. Chomelesha stendi ya chuma, ipakwe rangi vizuri kwa sababu chumvi huleta kutu popote rangi ilipokosekana, na uiweke mbali na dirisha.

Sasa maji, maana hapa ndipo penye kazi. Mtu wa pwani bahari iko mlangoni, basi atauliza: si nichote tu? Unaweza, na wengi wetu tunachota, lakini si popote wala si wakati wowote. Maji yakiwa yanapwa hubeba uchafu wa ufukweni kwenda nje, kwa hiyo chota wakati yamejaa. Kaa mbali na bandari na mito. Kwa wa Dar, eneo lote linalopokea maji ya mto Msimbazi lisahau. Masika ikipamba moto, usichote karibu na pwani hata kama maji yanaonekana masafi, kwa kuwa mvua na mito huyapunguza chumvi. Njia niipendayo ni kuelewana na mvuvi anayetoka nje kabisa akujazie madumu ya lita 20, yawe madumu ambayo hayajawahi kubeba mafuta wala dawa. Ukifika nayo nyumbani, yachuje kwa kitambaa safi, yafunike, yaweke gizani wiki mbili hivi. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vilivyomo vitakufa na kutuama chini. Kisha vuta maji ya juu kwa mpira, yale ya chini yenye utelezi mwaga.

Asiye na bahari karibu hununua chumvi maalumu ya matangi na kuichanganya na maji safi, takriban gramu 35 hadi 38 kwa lita. Na hapa kuna ujanja mmoja ninaoulizwa kila mara: chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya Bagamoyo haifai? Si imetoka baharini hiyo hiyo? Imetoka, lakini haikutoka nzima. Maji ya bahari yakikaushwa juani, sehemu kubwa ya kalisi hutangulia kuganda kama jasi, ndipo inafuata chumvi yenyewe, na magnesi hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Unachonunua sokoni ni chumvi ya kupikia. Ukiirudisha kwenye maji hupati bahari, unapata maji ya chumvi. Konokono na matumbawe hawawezi kujenga magamba na mifupa yao humo, na samaki nao hawatakaa sawa kwa muda mrefu.

Kipimo cha chumvi ni 35 kwa elfu, yaani alama ya 1.026 hivi kwenye rifraktomita, kifaa cha mkononi kinachopima chumvi kwenye tone la maji. Nunua rifraktomita. Ile haidromita ya plastiki yenye mkono unaopanda na kushuka ni rahisi, lakini povu dogo likishika mkono ule inakudanganya kwa sura ya ukweli.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wageni wote. Maji yakipungua tangini kwa mvuke, chumvi haiondoki nayo. Inabaki. Kwa hiyo unaporudishia yaliyopungua unatia maji baridi yasiyo na chumvi, siyo ya bahari. Bandika utepe kwenye kioo pale maji yalipo siku ya kwanza, na kila asubuhi rudisha hadi hapo. Maji ya bomba yana klorini, ya kisima hapa Dar mara nyingi yana chumvi na madini yake. Tafuta maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa RO, ule unaochuja hadi madini yaliyoyeyuka, na usiyaamini kwa jina: baadhi ya wauzaji wa maji ya kunywa huyarudishia madini ili yawe na ladha. Kuna kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma madini yaliyoyeyuka; kikisoma karibu na sifuri, chukua hayo.

Turudi kwenye joto. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Bahari yetu yenyewe hufika karibu nyuzi 30 ifikapo Machi, basi mtu atasema samaki wamezoea. Bahari ni kubwa, ina mikondo na mawimbi yanayoingiza hewa. Tangi liko kwenye chumba kilichofungwa, chini ya taa, na maji yakizidi kuwa moto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo zaidi. Feni ikipuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu kwa kuyafanya yavukize. Lakini feni hailingani na unyevu: siku zile ambazo nguo haikauki kambani, nayo huzidiwa. Ndiyo maana chumba unachochagua kina maana kuliko kifaa utakachonunua. Chumba kinachopitisha upepo, ukuta usiopigwa na jua la mchana, taa za LED zizimwe saa saba hadi tisa za mchana na ziwake jioni unapokuwa nyumbani kuzitazama. Mfuniko wa kioo utoe, weka wavu mwembamba, maana samaki wa baharini huruka na utawakuta sakafuni.

Umeme nao. Ukikatika, pampu inasimama, na kinachoua samaki kwanza ni ukosefu wa hewa. Nunua pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, kabla hujanunua samaki yeyote. Haina gharama kubwa. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, rudia kila baada ya dakika kadhaa; inachosha mkono lakini inasaidia. Usilishe wakati umeme haupo. Na nyaya zote ziache zilegee chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likitiririka kwenye waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Vifaa vingine havina mambo mengi. Pampu ya kuzungusha maji yenye lita 1,000 hadi 2,000 kwa saa inatosha tangi hili. Mashine ya kutoa povu, ile inayoondoa uchafu majini kwa viputo vya hewa, inasaidia, ila kwa samaki wawili watatu na kubadilisha maji kila wiki utaishi bila hiyo.

Mawe ndiyo chujio lako la kweli, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji hukaa kwenye vitundu vyake. Huna haja ya kuyatoa baharini, na usiyatoe. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, hapo Dar, ni hifadhi za bahari tangu 1975, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambavyo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Huku nchi kavu pwani yetu imejaa tumbawe la kale, lile lile la kujengea nyumba. Pata vipande vilivyotoka machimboni, ambavyo havijaguswa na saruji wala rangi, visugue, viloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji. Kilo 8 hadi 10 zinatosha. Mchanga si lazima. Sakafu tupu ya kioo ni rahisi kusafisha, na mchanga wa ufukweni wenye udongo ndani yake utakutesa.

Ukishapanga mawe na kujaza maji, tia kipande cha kamba mbichi, kidogo kama kidole gumba, kisha subiri. Kikioza kinatoa amonia. Kundi moja la bakteria litaigeuza kuwa nitriti, kundi jingine litaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa chache. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Pima kila baada ya siku mbili tatu: amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itafuata njia hiyo hiyo, na zote mbili zikisoma sifuri huku nitrati ikionekana, tangi liko tayari. Katikati ya safari mawe yatavaa utando wa kahawia na wageni wataanza kukuuliza unafuga nini humo. Waache waulize. Mwuza duka atakayekwambia maji safi leo samaki kesho anataka kukuuzia samaki mara mbili.

Kuhusu samaki, kata tamaa mapema kwa baadhi yao. Kitatange ni mzuri sana, lakini wengi katika jamii yake hula matumbawe hai na tangini hufa njaa wakitazama chakula. Kangaja anahitaji nafasi ya kuogelea ambayo huna. Chewa mdogo atakuwa mkubwa na atawameza wenzake. Chafi ana miiba yenye sumu, nawe utakuwa unaingiza mkono humo kila wiki. Makombe ya koni yenye mapambo yale ya kuvutia usiokote kamwe: konokono aliyemo huchoma, na baadhi ya aina zake zimeua watu.

Anayeanza aanze na samaki wa anemoni wawili; anemoni ni kiumbe laini wa mwambani mwenye minyiri, ambamo samaki hawa hujificha. Wale wa chungwa wenye mistari myeupe wanaouzwa sana, Amphiprion ocellaris, si wa bahari yetu. Wanatoka mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Huku kwetu wapo Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Hata hivyo mimi napendelea ocellaris waliozaliwa kwenye matangi ya wafugaji, kwa kuwa wamezoea chakula cha punje na hakuna aliyewachomoa mwambani. Chukua wadogo wawili wanaotofautiana kimo. Huzaliwa bila kuwa jike. Mkubwa na mbabe ndiye atakayegeuka jike, na mdogo atakuwa dume wake. Anemoni yenyewe si lazima kwao, nawe usiinunue mwaka wa kwanza, inataka taa kali na maji yasiyobadilika-badilika.

Dukani, mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako. Asiyekula, mwache. Nyumbani acha mfuko uelee juu ya maji robo saa, ongeza maji ya tangi ndani yake kidogo kidogo, kisha hamisha samaki kwa kikombe. Yale maji ya dukani yamwage chooni. Wawili hao wape wiki kadhaa kabla ya kumleta wa tatu.

Baada ya hapo ni mazoea. Lita 8 hadi 10 badilisha kila wiki, zenye chumvi na joto sawa na za tangini. Lisha kile wanachomaliza kwa dakika moja au mbili, mara moja au mbili kwa siku. Uduvi mbichi wa sokoni, waliooshwa na kugandishwa kwa vipande vidogo, huwapenda kuliko chakula chochote cha kopo.

Ukisafiri Idi au Krismasi, samaki wazima hawafi kwa siku mbili tatu za njaa. Kwa safari ndefu, mfungie anayebaki nyumbani chakula cha kila siku kwenye vikaratasi, umwonyeshe utepe wa maji na mahali lilipo dumu la maji ya RO. Kopo lenyewe lifungie kabatini, ondoka na ufunguo. Shangazi mwenye huruma ataona samaki wanamkimbilia kila akipita kiooni, na atawaongezea.