Weusi wa sakafu ya bafu usioisha

Ndugu, umeuliza kwa nini weusi wa sakafu ya bafu lako hapo Kisumu hurudi kila ukiusugua. Weusi huo ni ukungu uliojikita katika saruji ya viungo vya vigae, ambayo hunyonya maji na, kwa unyevu wa huku ziwani, haipati nafasi ya kukauka. Changanya kipimo kimoja cha Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) na vinne vya maji, umwagie viungoni, uache dakika 10 dirisha likiwa wazi, kisha usugue kwa mswaki mkuukuu na kusuuza. Usichanganye Jik kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu. Madoa ya rangi ya kutu, yaletwayo na maji ya kisima, hayasikii Jik. Hayo yanataka ndimu, lakini siku nyingine, kwani nayo ni asidi isiyofaa kukutana na Jik. Bafu langu lilitulia nilipoanza kulikausha kwa kifutio cha mpira kila jioni.