Maswali na Majibu: Kriketi ya Jumamosi na Mvua Isiyokatika

Wasomaji wetu kadhaa wanaochezea klabu za vijijini Uingereza wametuandikia kuhusu mechi zao za ligi, zinazochezwa Jumamosi mchana tangu Aprili hadi mwanzoni mwa Septemba. Kilio chao ni kimoja: mvua. Barua moja imetoka Kampala, nayo tumeijibu.

Nimekabidhiwa kazi ya kufunika pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja mpira unapodundia, katika klabu yetu huku Herefordshire. Tulitandika turubai Alhamisi jioni. Mvua haikunyesha hata tone, lakini Jumamosi asubuhi tulipofunua tulikuta pichi imelowa na majani yana nyuzinyuzi nyeupe. Maji yametoka wapi?

Yametoka ardhini, ndugu yetu. Udongo wa pichi nyingi za klabu una mfinyanzi wa asilimia 25 hadi 30, na mfinyanzi hushika maji kwa muda mrefu. Mvuke unaopanda kutoka kwenye udongo huo hugonga turubai lililopoa usiku, ukawa matone, matone yakarudi chini. Turubai lililolala juu ya majani kwa siku mbili halikupi pichi kavu, ila linaifungia unyevu wake ndani. Zile nyuzi nyeupe ni kuvu, kwa kawaida ule ugonjwa uitwao fuzariamu, unaopenda unyevu na hewa iliyotuama. Pangusa umande kila asubuhi kwa fimbo ndefu nyembamba au ufagio laini, acha upepo upite, na usiweke mbolea ya naitrojeni nyingi kuelekea mwisho wa msimu. Dawa ya kuvu aachiwe mwenye cheti cha kuinyunyiza.

Funika ukiwa umechelewa, funua ukiwa umewahi. Kama utabiri unasema mvua itaanza saa sita usiku, hakuna sababu ya kufunika saa kumi jioni wakati upepo bado unakausha. Kukipambazuka pakavu, funua mara moja, hata kama ni kwa saa moja tu kabla ya wingu lingine kufika. Turubai la kulala likiwa ndilo pekee mlilonalo, liinueni kwa matao ya mabomba ya plastiki ili hewa ipite chini yake.

Vifuniko vya magurudumu ni bora zaidi kwa sababu vimeinuka, lakini vina mambo mawili yanayowaponza watu. La kwanza ni maungio. Pichi ina urefu wa mita 20.12, na klabu nyingi huifunika kwa vipande vitatu vya takribani mita 7 kila kimoja. Hesabu mwenyewe: maungio yanaangukia mita 6 au 7 kutoka kwenye wiketi, vile vijiti vitatu vya kila mwisho wa pichi, palepale ambapo mrushaji mzuri wa kasi anaudundisha mpira. Ungio likivuja, unapata mstari mmoja wa udongo laini unaokatiza pichi mahali pabaya kuliko pote. Mpira mmoja utaangukia hapo uruke hadi kooni, unaofuata utambae chini. Kwa hiyo vipande vipandane angalau kwa upana wa kiganja, kipande cha upande wa juu kikae juu ya mwenzake, na kabla ya kuondoka mtu achuchumae achungulie chini kwa tochi.

La pili ni maji yanayokusanywa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Vifuniko vyenye eneo la mita za mraba 100 vikinyeshewa milimita 10 usiku mmoja, vimekusanya lita 1,000, na zote zinatokea kwenye midomo michache ya mifereji. Mipira ya kutolea maji ikiishia mita tatu kutoka kwenye pichi, mmeokoa pichi mkazamisha njia ya warushaji, na mechi itaahirishwa vilevile. Vutani mipira hiyo hadi mita 20 au zaidi, upande wa mteremko, mbali na wanakokimbilia warushaji. Safisheni mifereji kila wiki. Majani yaliyokatwa huiziba haraka, na mfereji ukiziba, maji humwagika ukingoni mwa pichi.

Mvua imenyesha usiku kucha. Pichi ilifunikwa, lakini kuna madimbwi uwanjani na njia ya warushaji upande mmoja imelowa. Mechi ni saa saba mchana. Tuanze wapi?

Fikeni saa mbili asubuhi, wala msikanyage ovyo eneo la pichi. Nyayo kwenye mfinyanzi laini hukauka zikiwa mashimo, na mashimo hayo mtayakuta Jumamosi ijayo.

Anzeni na maji yanayoonekana. Rola ya sponji isukumwe polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea msibani, kwani ikikimbizwa huruka juu ya maji badala ya kuyanyonya. Tangi lake limwagwe nje ya mpaka, si pembeni tu ya dimbwi. Umande na matone ya uwanja mzima huangushwa kwa kamba ndefu: watu wawili wanaikokota, mmoja kila upande, wakivuka uwanja. Majani yakishatua mzigo wa maji, upepo hukausha yaliyobaki kwa haraka ya kushangaza.

Dimbwi likigoma, choma udongo kwa jembe uma kabla hujaamua lolote. Mara nyingi tabaka la juu limeshindiliwa na maji yameshindwa kupenya, ilhali chini bado kuna nafasi. Hapo matundu ya sentimita 10 yatalimaliza dimbwi kwa dakika chache. Uma ukitoka na tope hadi ncha, udongo umeshiba na matundu zaidi yatazalisha tope tu. Kazi hii ni ya uwanja wa nje pekee. Usichome kamwe pichi wala pichi jirani zake siku ya mechi.

Vumbi la mbao liwekwe kwenye mashimo ya nyayo za warushaji na wapigaji, baada ya kuyasafisha na kuyakausha kwa sponji. Likilowa, litoeni mweke jingine, kwani vumbi lililolowa hutunza unyevu. Mchanga usiuruhusu hata mtu akiapa kwamba kwao ndivyo wanavyofanya. Mchanga hujenga tabaka ndani ya mfinyanzi, udongo wa juu hushindwa kushikana na wa chini, na mwaka unaofuata pichi inabanduka vipande. Vichomeo vya gesi navyo huunguza majani bila kukausha kilichomo chini.

Na rola nzito? Iacheni bandani. Juu ya mfinyanzi uliolowa inakamua maji kuyaleta juu, udongo unaganda kwenye pipa lake na kung'oa majani. Mechi ikishaanza, sheria yenyewe imeibana: nahodha wa timu inayokwenda kupiga ndiye anayeiomba, kwa dakika zisizozidi saba kabla ya ingizo lao, yaani zamu yao ya kupiga, wala si kabla ya ingizo la kwanza la mechi.

Kipimo cha mwisho ni kidole gumba. Bonyeza pichi mahali mpira unapodunda. Kidole kikiacha alama ya kung'aa, mpira nao utaacha shimo. Alama ikiwa hafifu lakini jua linawaka, tahadhari zaidi: juu patakuwa na ganda kavu, chini pamebaki laini, na mpira utapanda bila mpangilio. Siku kama hiyo kofia ngumu ivaliwe hata dhidi ya mrushaji wa mwendo wa wastani. Nahodha atakayeshinda kura ya shilingi afikirie sana kurusha kwanza.

Wageni wapigiwe simu mapema, kabla hawajapanda magari. Kuwaficha hali ya uwanja kwa matumaini kwamba jua litatoka ni kuwakosea adabu.

Katika daraja letu waamuzi ni wachezaji wenyewe. Wiki iliyopita nahodha wa wageni aligoma akisema majani yamelowa, wetu akasema tucheze. Nani mwenye neno la mwisho?

Waamuzi wawili, kwa pamoja, na si manahodha. Hivyo ndivyo Sheria ya 2 ya kriketi inavyosema, na mchezaji aliyevaa koti la uamuzi anabeba mamlaka hayohayo mpaka alivue. Sheria hiyo inatamka wazi kwamba majani na mpira kulowa peke yake si sababu ya kusimamisha mchezo, na kwamba hali kutokuwa nzuri kabisa haitoshi kuiita ya hatari.

Yanayotosha ni haya: mrushaji hapati pa kukanyaga kwa uhakika, wazuiaji hawawezi kwenda huku na huko bila kuteleza, au wapigaji hawawezi kupiga na kukimbia baina ya wiketi. Basi mwamuzi asibishane kwa maneno. Aende na viatu vyake vya misumari mahali mrushaji anapotua mguu wa mbele, akanyage kwa nguvu, ageuke ghafla. Mguu ukiondoka, jibu amelipata. Afanye hivyo pande zote mbili, kwa kuwa upande mmoja ukiwa mbovu mechi haichezeki.

Mchezo ukishasimamishwa, waamuzi hukagua mara kwa mara wakiwa peke yao, bila mchezaji wala kiongozi wa klabu kufuatana nao. Kifungu hiki husahaulika sana vijijini, na ndicho kingezuia ugomvi wenu. Someni pia kanuni za ligi yenu, hasa saa ya mwisho ya kuanza na idadi ya chini ya ova (ova moja ni mirusho sita), kwa sababu hizo hutofautiana kati ya ligi na ligi.

Tulipiga mikimbio (pointi) 168 kwa ova 40. Mvua ikanyesha, wapinzani wakapewa ova 28. Lengo lao lilipaswa kuwa ngapi?

Inategemea kanuni ya ligi yenu. Kwa wastani wa ova, 168 gawa kwa 40 ni 4.2. Zidisha kwa 28, unapata 117.6. Hivyo 118 ni ushindi, na 117 haitoshi.

Hesabu hii ni rahisi, lakini inawapendelea wanaofukuzia. Wana wiketi zote 10, yaani wapigaji 10 wanaoweza kutolewa, za kutumia kwa ova 28 tu, kwa hiyo wanaweza kupiga bila woga. Mbaya zaidi ni mechi ikikatika katikati: kwa ova 20 kipimo ni 84, na timu yenye 85 ikiwa imepoteza wiketi 8 inahesabiwa imeshinda ingawa ilikuwa ukingoni mwa kumalizika. Mbinu ya wanatakwimu wa Kiingereza Frank Duckworth na Tony Lewis, iliyotumika mara ya kwanza kimataifa mwaka 1997, hupima ova zilizobaki pamoja na wiketi zilizobaki. Kabla yake kulikuwa na vituko: katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1992 mjini Sydney, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13. Mvua ikanyesha, na waliporudi walitakiwa kupata 21 kwa mpira mmoja.

Maoni yetu ni kwamba ligi yoyote yenye simu moja uwanjani inaweza kutumia mbinu hiyo, na inapaswa kufanya hivyo. Mpaka hapo, mkiwa chini ya kanuni ya wastani na utabiri ni wa mvua ya alasiri, rusheni kwanza.

Mpira wetu hulowa na kuwa mzito. Tunaruhusiwa kufanya nini?

Kuukausha kwa kitambaa kilichokubaliwa na waamuzi, na kutoa tope mwamuzi akitazama. Jasho linaruhusiwa kuung'arisha, mate yalipigwa marufuku tangu Oktoba 1, 2022. Mwekeni mtu mmoja mwenye taulo kavu karibu na njia ya mrushaji, na mpira ufutwe baada ya kila mrusho, kwa sababu ngozi ikishanyonya maji hairudi. Mpira ukivimba hata usifae, waamuzi huuleta mwingine uliochakaa kwa kiasi hichohicho. Magongo nayo yafutwe ncha ya chini na kukaushwa kivulini. Yakiwekwa karibu na hita hupasuka.

Sisi Kampala tunachezea mkeka wa nyuzi za nazi juu ya saruji. Msimu wa mvua ukifika mpira hudunda ovyo. Shida ni mkeka au sakafu?

Kagueni vyote viwili. Mwagieni saruji maji bila mkeka: yakituama baada ya dakika kumi, kuna bonde linalohitaji kujazwa kwa zege jembamba. Mkeka uliokauka baada ya kulowa unyooshwe upya kila mara, kwa watu wawili kila upande, na vigingi vipigwe kuanzia katikati kwenda ncha zote mbili ili mkunjo usibaki ndani. Mkunjo mdogo tu unatosha kuugeuza mpira. Msiukunje ukiwa umelowa, utaoza kutoka katikati. Uanikeni juu ya uzio, pande zote mbili, ndipo muukunje kwenye gogo na kuuinua kutoka sakafuni.

Radi ikianza kwa mbali, tuendelee hadi mvua ifike?

Hapana. Hesabuni sekunde tangu mwanga hadi mngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi: tokeni wote, mwingie jengoni au kwenye magari, si chini ya miti wala chini ya vifuniko vya chuma. Mngurumo wa mwisho ukisikika, subirini dakika 30 kamili, na kila mngurumo mpya unaanzisha hesabu upya. Kufunika pichi kusubiri pia. Vifuniko vile vina fremu za chuma, na hakuna pointi za ligi zinazostahili mtu avisukume uwanjani radi ikiwa juu yake.