Kombeo la mfukoni: mbona jiwe linadondoka?

Ndugu, umesema kombeo lako la nailoni linatosha mfukoni ila jiwe hudondoka kabla hujalizungusha. Kwa maelezo yako, kosa liko kwenye kitako (sehemu inayobeba jiwe) na urefu wa mikono (kamba mbili za kombeo).

Tumia kamba ya pamba ya mm 2, nailoni inateleza. Kata nyuzi nne za mita 2.3 kila moja, maana kusuka hula karibu robo ya urefu. Anza na kitanzi cha kidole cha kati. Kifunge kwa fundo lisilokimbia, la sivyo kitakukaba kidole. Suka nyuzi zote nne sm 65, kisha zigawe mbilimbili. Sokota kila jozi sm 9, ziunganishe tena na uendelee kusuka. Hicho ndicho kitako, kinatosha jiwe la sm 4 hadi 5. Kokoto ndogo hupita katikati, na ukirefusha zaidi jiwe linaogelea.

Fundo la kuachia, lile la mwisho wa mkono wa pili unaloliachia unaporusha, usilifunge kwa kukadiria. Vaa kitanzi, weka jiwe, vuta mkono wa pili mpaka kitako kining'inie sawasawa, ndipo ufunge pale kidole gumba kinapobana. Mkono mmoja ukizidi hata sm 2, kitako kinainama na jiwe linamwagika. Fundo liwe dogo. Nene hukwama vidoleni na jiwe huenda kombo.

Jaribu kwanza na mpira mdogo laini unaotosha kitako, uwanja mtupu, na nyuma yako pasiwe na mtu: anayeanza hurusha popote.