Pale ale za hopsi: anzia wapi, na kwanini usiziweke zikakaa

Naulizwa sana na ndugu zetu wanaohamia huku Marekani, hasa wanaofikia pwani ya magharibi, hivi hizi pale ale, bia chungu zilizojaa hopsi (maua yanayotia bia uchungu na harufu), mnazipendea nini? Mtu kazoea laga yake, anaingia baa anakuta ubao mzima ni IPA (India Pale Ale, ndugu yake pale ale mwenye hopsi nyingi zaidi), anaagiza yenye asilimia 8, anapiga funda moja anakunja sura, basi kamaliza, hazifai. Jamani, hapo mmeanzia juu mno.

Anza na pale ale ya kawaida ya Kimarekani, na kama unaipata anza na Sierra Nevada Pale Ale yenyewe. Hii ilianza kupikwa Chico, California mwaka 1980, kilevi chake asilimia 5.6, na uchungu wake unaanza taratibu, kimea kinaubeba, unamaliza glasi ulimi bado uko salama. IPA utaifikia tu, haina haraka.

Alafu usinywe kwenye chupa. Mimina kwenye glasi, na isiwe ya baridi kama barafu, itoe friji iache dakika chache, kisha weka pua. Hapo ndo kwenye utamu wote. Utasikia balungi, maganda ya machungwa, na kwa mbali harufu ya msonobari, na humo ndani hamna tunda lolote, ni hopsi tu. Ukibahatika kupita Oregon au bonde la Yakima kule Washington kwenye mwezi wa nane mwishoni au wa tisa, wakati wa mavuno, omba ua moja la hopsi ulipasue katikati, utaona unga wa njano unaonata vidoleni, ukiusugua kiganjani harufu haitoki hata ukinawa. Uchungu unatoka kwenye huo unga na harufu inatoka humohumo, tofauti ni muda wa kuzitia. Zikichemka saa nzima zinatoa uchungu ila harufu yote inapanda na mvuke, kwahiyo mpishi anabakiza nyingine anazitia mwishoni kabisa, au anazilowesha kwenye bia ambayo imeshamaliza kuchachuka na kupoa.

Sasa historia ya hiyo IPA naipenda sana. Waingereza walikuwa wanapeleka bia India kwa meli, zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, miezi minne mpaka sita kwenye joto, na hopsi zinazuia bia isiharibike, ndo maana walizijaza. Watakwambia George Hodgson, mpika bia wa London, ndo aliibuni bia hiyo kwa ajili ya safari, hapana, pale ale ilikuwepo kabla yake, na hata porter, ile bia nyeusi, ilienda India ikafika salama. Bahati yake ni kwamba kiwanda chake cha Bow, hukohuko London, kilikuwa karibu na zilipokuwa zinatia nanga meli za East India, kampuni ya biashara ya India, na aliwakopesha manahodha kwa muda mrefu. Miaka ya 1820 wapika bia wa mji wa Burton, Uingereza, wakina Allsopp na Bass wakamwingilia sokoni, maji yao ya visima yana jasi nyingi, uchungu wa hopsi unatoka mkavu, msafi, wakamshinda.

Wamarekani wao walikuja na ua lao. Aina ya hopsi iitwayo Cascade ilitolewa kwa wakulima Oregon mwaka 1972, kiwanda cha Anchor cha San Francisco wakaitumia kwenye bia yao ya Liberty Ale mwaka 1975, alafu ndo Ken Grossman na mwenzake wa Chico, walioanzisha Sierra Nevada. Kuanzia hapo hopsi zikawa za kunusa zaidi kuliko za kutunzia, na hapo ndo watu wanachanganya mambo, wanasikia hadithi ya meli wanadhani bia hii inakaa. Haikai! Uchungu utabaki ila harufu inaondoka kwanza, baada ya miezi kadhaa unabaki na bia ya sukari guru yenye harufu ya boksi lililolowa. Kwahiyo geuza kopo usome tarehe ya kufungashwa chini yake. Mimi yenye zaidi ya miezi mitatu siinunui hata wapunguze bei. Chupa ya kijani au isiyo na rangi iliyokaa dirishani achana nayo, mwanga unaiharibu haraka mno.

Kwenye chakula, nyama choma na pale ale ni ndugu kabisa, kuku wa kukaanga pia. Ila pilipili kali na IPA hapana, uchungu unapandisha ule moto, utatafuta maji.

Na mnaotaka kumpelekea mtu nyumbani, nunua makopo ya wiki hiyohiyo ya safari, funga kwenye nguo katikati ya begi kubwa, na mwambie aweke kwenye friji siku ileile aliyopokea, anywe ndani ya wiki mbili, asimsubirie shemeji wala Krismasi.