Chichu kule Naoshima: usiichanganye na sehemu nyingine tatu siku moja

Mkuu umeuliza kama Chichu, yale makumbusho ya sanaa kwenye kisiwa cha Naoshima, Japani, inatosha saa moja, maana umesikia ni zege tupu na picha chache, ili siku hiyohiyo umalize na makumbusho mengine matatu ya Naoshima. Mi nimeshafika pale, nakushauri usifanye hivyo, ipe nusu siku.

Jengo alilichora Tadao Ando, msanifu majengo wa Kijapani, likafunguliwa 2004, na karibu lote limefukiwa kilimani ili lisiharibu mandhari ya bahari. Sasa ukifika huoni jengo, unaingia tu kwenye korido za zege, zingine hazina paa kabisa. Kuta hazijapigwa lipu wala rangi. Sogea karibu uangalie vile vitundu vya duara vilivyojipanga kwenye mistari, ni pale mbao za kumwagia zege zilipofungwa na vyuma, sehemu nyingi vinazibwa ila Ando anaviacha, na jua likipiga kwa ubavu kila kitundu kinapata kakivuli kake. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Chumba cha Monet, yule mchoraji wa Kifaransa, ndo chenyewe. Unavua viatu, unapewa ndala, sakafu ni vipande vidogo vidogo vya marumaru, kila kimoja sentimita 2, kama laki 7 hivi. Picha tano za yungiyungi na hakuna taa hata moja, mwanga wote unashuka kutoka juu. Siku yangu kulikuwa na mawingu, nikaumia kweli, nimetoka mbali hivi halafu picha zimepoa, zambarau na kijivu tu. Nikabaki pale pale nisiondoke, baada ya dakika kadhaa wingu likasogea, mwanga ukapanda taratibu mno, kijani ikaanza kutokea chini ya zambarau, na maua ambayo sikuyaona kabisa mwanzo yakawa yako mbele yangu. Sasa mtu wa saa moja ataona sura moja tu kati ya hizo mbili, ya mawingu au ya jua, basi.

Kwenye chumba cha msanii Walter De Maria kuna tufe la itale la mita 2.2 limekaa katikati ya ngazi, ukipanda utaona taswira ya tundu la paa inatembea juu ya uso wa lile jiwe. Na kwa msanii mwingine, James Turrell, kuna chumba kina uwazi wa mraba juu, unakaa unaangalia anga.

Kosa langu nilichukua tiketi ya saa nane mchana, mwisho nikakimbizana na feri. Tiketi kata mapema mtandaoni, inakuwa na saa ya kuingia, na Jumatatu huwa wanafunga. Kutoka bandari ya Uno feri ni kama dakika 20. Ndani hupigi picha. Chukua ya asubuhi, anza na Monet, zungukia kwingine, halafu kabla hujatoka rudi tena Monet hata kama kuna foleni, utakuta rangi zimeshahama.