Maswali ya wasomaji: Trela linapotikisa mkia

SWALI: Ndugu Mhariri, navuta trela la kambi la ekseli moja kwa Prado. Likijaa linafika kilo 1,000 hivi. Kati ya Chalinze na Segera, nikigusa kilomita 80 kwa saa linaanza kuyumba kushoto kulia, na basi likinipita ndiyo kabisa. Fundi anasema springi zimechoka, nibadilishe. Nyuma nimefunga baiskeli mbili na madumu mawili ya maji ya lita 20. – *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Springi ziache kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya trela inakuwa nyepesi kwenye ile goroli ya chuma ya gari, na mkia unabembea. Upepo wa basi unausukuma mara moja tu. Uzito ulioko nyuma ndio unaoendeleza, na kadiri mwendo unavyopanda kila bembea inaizidi iliyotangulia.

Pima uzito wa pua. Egesha trela mahali tambarare likiwa limepakiwa kama la safari, maji na gesi vikiwemo, kisha weka kabari kwenye tairi zote mbili. Chukua mizani ya kupimia watu na kipande cha mbao, ukisimamishe kati ya mizani na kichwa cha trela (kile kinachoshika goroli), halafu teremsha taratibu lile gurudumu dogo la mbele mpaka uzito wote wa pua ulale juu ya mbao. Mbao iwe na urefu wa kuliacha trela sambamba na ardhi, maana pua ikiinuka kipimo kinadanganya. Kwa trela lako tunataka kilo 70 hadi 100. Angalia pia kibati kilichogongwa kwenye chuma cha kuvutia na kwenye kichwa cha trela: ukomo mdogo kati ya hivyo viwili ndio unaoufuata.

Tuseme mizani imekuonyesha kilo 35, na kutoka ekseli hadi goroli ni mita 3.2. Madumu yako, kilo 40, yako mita 1.5 nyuma ya ekseli. Yasogeze yawe nusu mita mbele yake: umeyahamisha mita 2, na 40 mara 2 gawanya kwa 3.2 ni kilo 25 zilizoongezeka puani. Baiskeli za kilo 30 zilizoning'inia mita 1.8 nyuma zinaiba kilo 17 hivi. Zipande juu ya gari. Jumla umefika 77 bila kumlipa fundi shilingi. Ukipata kipimo kizuri na bado linayumba, hapo ndipo uende kwenye springi na upepo wa tairi.

Likianza kuyumba ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani unyooke. Usikanyage breki kwa nguvu, usipigane nalo kwa usukani. Wale wa kijiweni wanaosema "ongeza mafuta linyooke" wasikilize kwa heshima, kisha usifanye.

SWALI: Tulikuwa njiani kwenda Loiyangalani kupitia Maralal. Gurudumu moja la trela lilitoa harufu ya grisi iliyoungua. Beringi zilifungwa mpya wiki moja kabla. Tatizo ni nini? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Mara nyingi ni nati iliyokazwa mno. Beringi za aina hii hazifungwi kama nati za tairi. Inua gurudumu kwa jeki, kaza nati huku unalizungusha gurudumu kwa mkono mpaka lianze kuwa zito, kisha rudisha nati nyuma kidogo, takribani moja ya sita ya mzunguko, hadi tundu la pini lionekane. Tia pini mpya. Gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Ukilishika juu na chini ukalitikisa, mchezo (kule kulegea kwake) uwe wa kuhisika kwa shida.

Sababu ya pili ni maji. Ukiingia mtoni kitovu cha gurudumu kikiwa moto, kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira unaozuia maji na vumbi. Grisi inageuka rangi ya maziwa na kazi yake inaishia hapo. Kabla ya kuvuka, pumzika robo saa.

Dakika 30 baada ya kuanza safari, kisha kila unaposimama, gusa kitovu cha kila gurudumu. Joto la kawaida halikatai kidole. Kama kimoja kinakuunguza na mwenzake ni vuguvugu, usiendelee. Beba seti nzima ya beringi na sili kwa namba zilizochongwa kwenye zile za zamani, pini, na nusu kilo ya grisi. Usichanganye grisi za aina mbili.

SWALI: Nikirudi nyuma trela linakwenda nisikotaka. – *Msomaji, Moshi*

JIBU: Shika usukani sehemu ya chini kabisa. Sogeza mkono upande unaotaka mkia wa trela uende. Kidogo kidogo. Likijikunja, songa mbele unyooke uanze upya.

SWALI: Friji la trela linazima asubuhi ya pili, ingawa nimeendesha siku nzima na betri ni ya Ah 100 (ampea-saa). – *Msomaji, Iringa*

JIBU: Friji lako likivuta ampea 4 na kufanya kazi asilimia 40 ya muda, linakula kama Ah 38 kwa siku. Taa na simu zinafikisha 46. Betri ya risasi na asidi haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja tu, kama imejaa. Yako huenda haijai. Waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka betri ya gari hadi ya trela, mita 7 kwenda na 7 kurudi, unapoteza volti 1.5 kwa mkondo wa ampea 15. Kinachofika kwenye betri ni kama volti 12.7, nazo hazijazi kitu. Weka waya wa milimita 16 za mraba, chanya na hasi pia, upotevu ushuke hadi robo volti. Mkifika kambini mkakaa siku tatu bila kuwasha gari, paneli ya jua ya wati 160 itarudisha karibu chote mnachotumia, ilimradi isiwekwe chini ya mti mliofuata kivuli chake.

Na fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri. Waya ukikatika katikati, pande zote mbili zina umeme.