Usinunue stata kabla hujapima ethi

Ndugu, kama betri ni mpya, taa za dashibodi zinawaka vizuri, na ukizungusha ufunguo unasikia "ta!" moja tu na injini haizunguki, subiri kidogo kununua stata, yaani mota ya kuwashia injini. Mimi niliwahi kubadilisha stata nzima, kumbe tatizo lilikuwa bolti ya ethi, ule waya unaounganisha nguzo hasi ya betri na injini.

Weka gari nyutro, vuta hendibreki, chukua mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6. Mwenzako azungushe ufunguo huku unatazama: ikishuka chini ya 10, mara nyingi betri haina chaji ya kutosha au ni mbovu, hata kama ni mpya. Ikibaki 12 na ushee, umeme unakwama njiani.

Sasa gusa nguzo hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, ufunguo uzungushwe tena. Ikizidi 0.5, waya wa ethi umeliwa na kutu au umelegea. Fungua, piga msasa, kaza. Upande wa chanya pima vivyo hivyo, betri hadi stata.

Stata ikipata volti zake zote na bado imenuna, hapo mpelekee fundi aangalie kaboni, zile brashi zinazopeleka umeme ndani ya stata.